Tupeane uzoefu: laptopu inapokwama ikijirejesha kupitia intaneti

Fundi wa Free Area, Nakuru

Wadau, habari za jioni. Kila mara naletewa laptopu yenye lalamiko lile lile: "nilikuwa nairudisha upya, mtandao ukakataa." Nikiichunguza, mara nyingi mtandao wenyewe hauna neno. Aliyepitia haya atueleze: mashine gani, ilikwama wapi, na nini kiliiokoa. Jibu la "peleka kwa fundi" halikubaliki hapa, maana mafundi wenyewe ndio tunaouliza.

Naanza mimi. Dada mmoja alileta MacBook (laptopu ya Apple) yenye chipu ya Intel. Alikuwa amefuta diski yote, akawasha huku ameshikilia Command, Option na R. Tufe likazunguka weee, kisha ikatokea alama ya mshangao na namba -2002F. Kumbe alikuwa kwenye waifai ya nyumba ya wageni alimolala, ile inayofungua ukurasa wa kuingiza namba ya chumba. Mac ikiwa katika hali hiyo haina kivinjari cha kuufungulia ukurasa huo, kwa hiyo inaona mtandao upo lakini haipiti. Niliiunganisha na hotspoti ya simu yangu, ikapita. Mac zenye chipu ya Apple yenyewe, yaani M1 kwenda mbele, hazitumii vitufe hivyo. Unashikilia kitufe cha kuwasha mpaka chaguo zitokee.

Kondele Komputa

Fundi, umesahau adui mkubwa: tarehe.

Mac ikikaa kabatini hadi betri iishe kabisa, saa yake inaweza kurudi nyuma miaka kadhaa. Sasa inapoiuliza seva ya Apple, inaletewa cheti cha usalama. Kila cheti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kwa mashine inayoamini tuko 2001, cheti hicho hakijaanza kutumika, basi inakikataa. Wewe unachoona ni ujumbe tu kwamba seva ya urejeshaji haipatikani, halafu unamtukana mwenye faiba bure.

Dawa yake: hapo hapo kwenye skrini ya urejeshaji, kwenye menyu ya Utilities fungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, andika date peke yake uone inasema nini. Ikiwa imepotoka, andika date kisha mwezi, siku, saa, dakika na mwaka, zote tarakimu mbili mbili bila nafasi kati yake. Kwa mfano tarehe 15 Juni 2025 saa nane na nusu mchana ni date 0615143025. Wengi hapa hutanguliza siku kabla ya mwezi, ikakataa. Funga Terminal, jaribu tena kusakinisha.

Mwalimu Bungoma

Asanteni. Yangu ni ya Windows. Nilichagua Reset this PC, halafu Cloud download. Bando likaisha katikati, ikaniambia kuna tatizo na hakuna kilichobadilishwa. Nilishika kichwa nikidhani mitihani ya watoto imeenda. Je, niongeze bando au niache?

Fundi wa Free Area, Nakuru

Pole mwalimu, lakini mitihani yako ipo. Windows hupakua kwanza, ikishapata kila kitu ndipo inagusa diski. Hata hivyo, nakili faili zako kwenye flashi kabla hujarudia. Skrini yenyewe huonya kwamba upakuaji unaweza kuzidi GB 4, kwa hiyo bando la siku la GB 1 ni kujichosha. Kama Windows yako bado inawaka vizuri na unataka tu kuisafisha, chagua Local reinstall, inatumia faili zilizomo ndani ya mashine. Cloud download ni ya pale faili hizo zenyewe zimeharibika.

Maseno Hosteli B

Mimi upakuaji ulimalizika, balaa likaja baadaye. Windows 11 ilifika kwenye ukurasa wa kuchagua mtandao, orodha tupu, kitufe cha kuendelea kimefifia. Draiva ya waifai, ile programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa cha waifai, haikuwepo. Nilichomeka simu ya Android kwa waya wa USB, nikawasha USB tethering (simu kugawa intaneti kwa waya), laptopu ikaiona kama waya wa intaneti. Ilipomaliza, Windows ikajitafutia draiva yenyewe.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui: simu nyingi za Android zikiwa kwenye waifai hupitisha hiyo hiyo waifai kwenye waya wa USB. Bando haliguswi. Hata zile waifai za ukurasa wa kuingia, unaingia kwa simu, laptopu inafaidi.

Kondele Komputa

Kweli kabisa, ila kwa Windows. Mac haielewi USB ya simu nyingi za Android, huko tumia hotspoti.

Mama Saiba, Kakamega

Hotspoti isipoonekana kwenye laptopu ya zamani, ibadilishe iwe 2.4GHz, masafa ambayo laptopu za zamani huyaona. iPhone washa Maximize Compatibility. Na msisahau stima: ikipotea, laptopu ina betri lakini ruta haina.

Mnunuzi, Kisumu

Yangu si mtandao, lakini niliambiwa ni mtandao. MacBook ya ex-UK (mtumba wa Uingereza), nilipoirudisha upya na kuiunganisha ikaleta ukurasa wa Remote Management, inataka nywila ya kampuni nisiyoijua. Bila intaneti ilikuwa imetulia tuli.

Kondele Komputa

Hiyo bado iko kwenye daftari la kampuni iliyoimiliki, ndugu yangu. Ukibadilisha waifai mia haitatoka. Ni kampuni hiyo tu inayoweza kuiondoa. Mrudishie aliyekuuzia. Wengine mkinunua, mwambieni muuzaji aifute na kuiunganisha na intaneti mbele yenu, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Mwalimu Bungoma

Nimefuata ya Local reinstall, imekubali. Ila kila nikiizima na kuchomoa chaja, saa inarudi nyuma.

Fundi wa Free Area, Nakuru

Ni betri ndogo ya bodi, ile inayotunza saa mashine ikizimwa, mwalimu. Nyingi ni CR2032, ile ya duara kama sarafu. Ukifungua uone imefungwa kwa waya, nunua yenye waya wake, usijaribu kuunga.