Tupeane uzoefu: muktadha wa historia na falsafa kwenye insha za fasihi, kidato cha 5 na 6

Kalamu Nyekundu
Wadau, ugonjwa ni uleule kila mwaka. Ukurasa wa kwanza ni historia ya Tanganyika, wa pili ni falsafa, kitabu chenyewe kinaingia dakika za lala salama. Kila mtu aweke mbinu anayotumia, ila ataje kitabu na tukio.

Naanza na *Kinjeketile*, tamthiliya ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani. Kabla ya kuandika, pembeni ya karatasi ya rafu wekeni miaka miwili: mwaka wa kisa (1905) na mwaka kitabu kilipotoka (1969). Halafu jiulizeni katikati hapo kilipita nini. Wengi wanagota 1905: pamba ya lazima, viboko, maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi, kitanzi. Sawa, lakini hayo kila karatasi inayo.

Tazameni pale Kinjeketile akiwa amepandwa na pepo Hongo. Anatamka kwamba baada ya ushindi watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Akizinduka na kuambiwa alichosema, anashtuka: tumwondoe Mjerumani ili turudi kwa Sultani? Seyyid Said alishafariki 1856, kwa hiyo mwaka 1905 jina lake lilikuwa kumbukumbu ya enzi ya pwani kabla ya Wajerumani. Msomaji wa 1969, kwa upande wake, analisoma jina hilo miaka mitano tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar kumng'oa Sultani. Tukio dogo, lakini swali la kama uhuru ni kubadilisha bwana tu linapata uzito ambao 1905 peke yake haiutoi.

Binti Kidato
Mkuu, hayo maelezo ya mwaka yanakaa wapi? Mwalimu wetu anasema yote yaishie kwenye utangulizi.

Kalamu Nyekundu
Kwenye utangulizi sentensi moja inatosha. Mengine yaingie ndani ya aya, baada ya tukio, si kabla. Aya ya mistari kumi naigawa hivi: hoja mistari miwili, tukio mitatu, muktadha miwili, na mitatu ya mwisho ni kueleza muktadha huo unabadilisha nini katika tukio. Hiyo mitatu ya mwisho ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye alama. Insha ya kurasa nne ikiwa na muktadha mahali patatu, imetosha.

Linganisha. Mbovu: "Vita vya Majimaji vilianza 1905 na kuisha 1907." Hii ni ya somo la Historia. Nzuri: "Kinjeketile anakataa kusema maji yalikuwa uongo, kwa sababu neno hilo limekwisha kuwaunganisha watu ambao kabla ya 1905 kila kabila lilimkabili Mjerumani peke yake." Mwaka umo, lakini unafanya kazi ya kueleza uamuzi wa mhusika.

Na tafadhali, msiandike "mwandishi amekosea historia". Ebrahim Hussein mwenyewe ametenganisha Kinjeketile wa jukwaani na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yule wa historia. Palipo na tofauti, uliza tofauti hiyo inamsaidia nini mtunzi.

Sisimizi wa Maktaba
Niongezee upande wa falsafa, maana huko ndiko watu wanakomwaga madesa. *Kichwamaji* (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi: utakuta "Kezilahabi ni mdhanaishi", yaani mfuasi wa falsafa ya udhanaishi inayohoji maana ya kuishi, kisha aya nzima ya mwanafalsafa Mfaransa Sartre, kisha nukta. Hiyo ni lebo, bado hujachambua kitu.

Chukueni wazo moja tu la falsafa, mliandike kwa maneno yenu katika sentensi moja, halafu tafuteni mahali kitabu kinapokubaliana nalo na mahali kinapolikataa. Camus, mwandishi Mfaransa, mwaka 1942 aliuliza kama inafaa kuendelea kuishi maisha yasiyo na maana, na jibu lake lilikuwa kuendelea kuishi bila kujidanganya. Kazimoto, mhusika mkuu wa riwaya, anaulizwa swali hilohilo na anajiua. Kwa nini jibu limegeuka? Hapo rudini kitabuni: elimu iliyomtenga na kijiji chake, ugonjwa unaomfikia mtoto wake kabla hajazaliwa. Pengo kati ya Camus na Kazimoto ndilo hoja yenu. Mkionyesha kufanana peke yake, mtahini atasoma kama nakala ya mwongozo.

Mzee wa Tarehe
Hapo kwenye falsafa nina ubishi kidogo. Si lazima kila mara tupande meli kwenda Ulaya. *Kusadikika* ya Shaaban Robert inajitosheleza kwa utu na haki, na majina yenyewe yanakuonyesha njia: Karama kizimbani, Majivuno mshitaki, kosa ni kufundisha watu sheria. Falsafa iko kwenye mwenendo wa kesi: mshitakiwa anajitetea kwa kusimulia wajumbe waliotumwa pande sita, wakarudi na mema ya nchi nyingine, wakaishia kuadhibiwa.

Kosa kubwa hapa ni la tarehe. Nimechoka kusoma kwamba Shaaban Robert "anatetea Ujamaa wa Azimio la Arusha". Kitabu ni cha 1951, mwandishi alifariki 1962, Azimio ni 1967. Kitabu kilipotoka, hata chama cha TANU kilikuwa hakijazaliwa! Andikeni Tanganyika chini ya Waingereza, mahali ambapo kuikosoa serikali waziwazi kulikuwa na gharama, na ndipo nchi ya kufikirika inayoelea hewani inapopata sababu ya kuwepo. Dawa ni kukagua kila jina la tukio mliloandika: je, lilikuwepo kitabu kilipochapwa?

Sisimizi wa Maktaba
Nakubali, mzee. Ila mwanafunzi asiandike "utu" mara kumi na mbili bila kusema nani kamtendea nani nini.

Binti Kidato
Na *Kwenye Ukingo wa Thim*, tamthiliya nyingine ya Ebrahim Hussein? Tuliambiwa tuandike kesi ya Otieno.

Mzee wa Tarehe
Sentensi mbili basi: mgogoro wa mazishi ya wakili S. M. Otieno wa Kenya, ukoo dhidi ya mjane, ulioamuliwa kwa upande wa ukoo mwezi Mei 1987, mwaka mmoja kabla ya tamthiliya kutoka. Ukishavuka hapo, wahusika wako ni Martha na Herbert. Wakianza kuitwa Wambui (mjane huyo) na Otieno katikati ya aya, umeshatoka kwenye kitabu, na hapo mtahini hana pa kukupa alama.