Ng'onda za Bibi mpaka Mbeya

Kikundi: UKOO WA BI MWANATUMU, NGAMIANI 🌴

*Jumapili asubuhi*

Mama Rukia: Assalaam alaykum nyote. Jina la Rukia limo. Orodha ya Wizara imetoka, ule ufadhili wa Samia. Nimelitazama mara tatu, kwa miwani na bila miwani.

Shangazi Mwanaidi: Wa alaykum salaam. Allahu akbar! Nimepiga vigelegele hapa Makorora mpaka jirani kaja kuuliza nani kaposwa

Salim: 😂😂 Hongera mama mdogo. Divisheni wani ya pointi 3 haiendi bure

Ami Shabani: Mashallah. Sasa tufafanulieni sie wa zamani. Huu ndio ule mkopo wa Bodi?

Salim: Shikamoo Ami. Siyo huo. Mkopo unaurudisha, huu haurudishwi. Ulianza mwaka wa masomo 2022/2023. Wanachukuliwa waliofaulu juu kabisa kidato cha sita kwenye sayansi, nao wakasome uhandisi, udaktari, hesabu, mambo ya namna hiyo. Ila maombi yanapitia Bodi ya Mikopo hiyohiyo, ndiyo maana watu wanachanganya

Ami Shabani: Marahaba. Chuo gani?

Mama Rukia: MUST. Uhandisi wa umeme, miaka minne.

Mjomba Hamza: MUST iko wapi?

Mama Rukia: Mbeya

*Zikapita dakika kumi na mbili kikundi kimya, na wote tunaonekana tupo hewani.*

Mjomba Hamza: Mbeya hii ya mpakani?

Salim: Mjomba kwani ziko ngapi

Bibi Mwanatumu: 🎤 sauti, 2:07

Halima: Kwa walio kazini wasioweza kufungua sauti: Bibi anasema Mbeya yeye anaijua kwa utabiri wa hali ya hewa tu, na kila siku ndiyo yenye baridi. Anasema mtoto hajalala mbali kupita Korogwe, na huko Korogwe alikuwa bweni, Ijumaa moja kwa mwezi anapelekewa chapati. Akiumwa usiku huko nani atampikia uji? Halafu anauliza kwa nini wa kike ndiye apelekwe mwisho wa nchi na wa kiume wapo hapa wanazungusha baiskeli Barabara ya 13. Mwishoni kuna kuku wanapigana, sikusikia vizuri

Mjomba Hamza: Bibi kasema kweli. Kwani hakuna karibu?

Mama Rukia: Kaka, kachagua mwenyewe. Na barua ya udahili ni ya huko.

Ami Shabani: Mimi sioni ubaya. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili, akarudi 1952 na shahada. Huko ndiko mbali

Bibi Mwanatumu: 🎤 sauti, 0:11

Halima: Anasema Nyerere alikuwa na miaka 27, Rukia ana 19, na Nyerere hakuwa mjukuu wake

Salim: Hapo Ami umepigwa 😂

Mjomba Hamza: ➡️ *Imesambazwa mara nyingi*
NAFASI ZA MASOMO KANADA!!! UFADHILI ASILIMIA 100 + TIKETI YA NDEGE + POSHO. Kidato cha nne na sita wote. Hakuna mtihani. Tuma 35,000 ya fomu kwa namba hii kabla ya saa 6 usiku LEO.

Mjomba Hamza: Basi kama ni mbali, si bora aende mbali kwenyewe? Na Zuwena aombe

Salim: Mjomba, kwa heshima zote, futa

Mjomba Hamza: Kwa nini?

Salim: Nitasema jambo ambalo hata mama hakulijua vizuri. Mwaka 2016 nikisubiri matokeo ya kidato cha sita, kuna ofisi moja ya ghorofani, siitaji, ilinilia 120,000. Walinipa fomu ina picha ya jengo la matofali mekundu, wanafunzi wamekaa kwenye majani wanacheka. Nikaambiwa nisubiri barua kutoka Uturuki. Baba aliuza baiskeli kupata ile hela, ile Phoenix nyeusi mnayoikumbuka. Nilikwenda mara ya kwanza, bosi kasafiri. Mara ya pili, mtandao uko chini. Mara ya tatu nikakuta chumba kinauzwa vipodozi, na dada wa vipodozi hajui lolote

Shangazi Mwanaidi: Subhanallah. Ndiyo maana marehemu alikuwa anakwenda kazini kwa miguu. Alituambia daktari kamshauri

Salim: Ndiyo shangazi

Mjomba Hamza: *Ujumbe huu umefutwa*

Zuwena: Kwa hiyo kaka Salim wa nje wote ni waongo?

Salim: La hasha, wa kweli wapo. Vyuo kama Harvard, Yale, MIT na Amherst huko Marekani vinakupokea bila kutazama mfuko wa mzazi hata ukiwa mgeni, halafu vinaziba pengo la ada. Ila mlango ni tundu la sindano, na unaomba miezi saba au minane kabla, Januari mwanzoni kwa masomo ya Agosti au Septemba. Hakuna wa kukuambia tuma leo kabla ya saa sita usiku

Halima: Na hela ya fomu?

Salim: Hela ya fomu siyo dalili peke yake. Hata Bodi yetu unalipia fomu. Ila unapewa namba ya malipo ya serikali, risiti inasoma jina la Bodi. Ukiona unatuma kwa namba ya simu na jina linakuja la mtu, la Hadija sijui Juma, hapo ushaliwa

Mjomba Hamza: Mie nilitaka kusaidia tu

Mama Rukia: Tunajua kaka ❤️

*Jumapili mchana*

Shangazi Mwanaidi: Sasa tumzungumzie na Zuwena wangu. Yeye kasoma HKL, siyo sayansi, huu wa Samia haumhusu. Kapata Dodoma, ualimu. Wananiambia aombe mkopo na mie moyo unasita. Mkopo una riba, jamani.

Salim: Shangazi, wakati wangu ilikuwepo asilimia 6 kila mwaka, wanaiita ya kutunza thamani. Deni lilikuwa linapanda hata ukilipa. Iliondolewa 2021, na ile faini ya asilimia 10 ya kuchelewa nayo ikaondolewa. Mimi nakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi huku Muheza, na sasa nikitazama salio naona linashuka kweli

Shangazi Mwanaidi: Haina riba kabisa?

Salim: Kuna asilimia 1 ya uendeshaji

Ami Shabani: Ya uendeshaji ni ujira. Riba ni jambo jingine.

Mjomba Hamza: Ami, nani kasema? Asilimia ni asilimia

Ami Shabani: Hamza, asubuhi tu ulikuwa unatupeleka Kanada

Mama Rukia: Jamani hilo apelekewe shekhe baada ya Isha. Tusitoe fatwa kwa bando la elfu moja

Zuwena: Kabla ya shekhe kuna tatizo jingine. Uhakiki wangu wa RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa na vifo, umerudi. Cheti changu cha kuzaliwa baba ni ATHUMANI. Cheti chake cha kifo wameandika OTHMAN. Mfumo unasema ni watu wawili

Ami Shabani: Athumani ndiye Othman! Ni jina moja, kila mtu anajua

Zuwena: Kila mtu Tanga anajua Ami. Kompyuta haijui

Salim: Usilipuuze hilo Zuwena. Yatima wa baba anatazamwa tofauti kwenye kupangiwa mkopo, lakini cheti cha kifo kisipohakikiwa kwao wewe una baba, na baba yako hana kipato kinachojulikana. Kesho asubuhi nenda na vyeti vyote viwili ofisi ya RITA ya wilaya, halisi siyo nakala. Waulize wanataka kurekebisha au wanataka kiapo cha wakili. Usiende kwa wakili kwanza, utalipa mara mbili

Shangazi Mwanaidi: Aliyeandika Othman ni karani wa siku ile ya msiba. Mie nilikuwa nalia, sikusoma.

Halima: Pole shangazi 😔

Shangazi Mwanaidi: Nimeshapoa mwanangu. Kesho nitakwenda naye.

*Jumapili jioni*

Ami Shabani: Haya turudi Mbeya. Ufadhili unalipa nini, na sie tunalipa nini? Semeni waziwazi

Mama Rukia: Ada wanalipa. Chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo, vyote wanalipa. Alhamdulillahi. Lakini basi hawalipi. Blanketi hawalipi. Na Salim anasema hela haishuki siku ya kwanza.

Salim: Haishuki. Naomba hili mlisikie wote. Kwanza usajiliwe chuoni, kisha chuo kipeleke majina, kisha usaini kwa kidole, ndiyo bumu, hela ya kujikimu, litoke. Nilipofika chuo Dodoma, UDOM, nilikaa wiki tatu na siku mbili bila senti. Bumu letu lilikuwa 8,500 kwa siku, siku hizi kwa wenye mkopo ni 10,000 tangu 2022, lakini 10,000 ambayo haijafika haipiki wali. Kuna kijana wa Kigoma chumbani kwetu alikuja na gunia la mihogo mikavu, tuliishi kwa hiyo. Wapo waliorudi nyumbani wiki ya pili na ufadhili wao mkononi, wakasema chuo kimewashinda. Kumbe walishindwa na wiki tatu

Ami Shabani: Kwa hiyo sie tunalipia wiki tatu

Salim: Wiki tatu na kilomita karibu 1,000

Mjomba Hamza: Njia ni ipi?

Salim: Segera, Chalinze, Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, Mbeya. Alale Morogoro kwa mama Asha, asiunganishe usiku. Mikumi basi linakatiza katikati ya hifadhi, ataona twiga bure. Mlima Kitonga akae upande usio wa bonde kama ana moyo mwepesi

Bibi Mwanatumu: 🎤 sauti, 0:38

Halima: Anauliza baridi

Salim: Bibi shikamoo. Oktoba hakuna baridi ya kutisha, baridi yenyewe ni Juni na Julai. Ila blanketi zito aondoke nalo. Iyunga, huko chuoni, asubuhi siyo Raskazone yetu ya Tanga

Mjomba Hamza: Blanketi langu. Lile la Lushoto nililonunua harusini sijawahi kulitumia, Tanga nalitumia lini?

Ami Shabani: Nauli kwenda na kulala Morogoro juu yangu

Shangazi Mwanaidi: Mie sina hela ila nina sukari kilo tatu na doti mbili mpya

Salim: Hela ya wiki tatu, nusu natoa mimi. Nusu mgawane

Halima: Naweka 20,000, wallahi ndicho kilichopo mpaka tarehe 25

Mama Rukia: Allah awalipe. Nimekaa hapa nalia, mnisamehe

Ami Shabani: Ila huyo Rukia mwenyewe yuko wapi? Tumemjadili tangu asubuhi kama kiwanja cha urithi

Mama Rukia: Bando limemwishia. Yuko Deep Sea kanunua samaki, nimemtumia sasa hivi

Rukia: Shikamooni nyote 🙏 Nimesoma tangu juu. Nashukuru sana. Bibi, Korogwe nililia wiki moja halafu nikazoea, na Mbeya nitalia wiki moja. Miaka minne nitakuwa nakuja likizo ndefu tu, nauli haitatosha kuja kila mara, nasema ukweli mapema. Nitakupigia kila Ijumaa baada ya swala

Bibi Mwanatumu: 🎤 sauti, 0:22

Halima: Anasema sawa. Anasema ng'onda, samaki wake wakavu, atakaanga mwenyewe, ndoo nzima, na achari ya maembe. Asiambiwe kuwa ni nyingi

Rukia: Bibi basi zima litanuka 🙈

Bibi Mwanatumu: 🎤 sauti, 0:03

Halima: "Linuke."

*Jumanne, wiki mbili na siku nne baada ya safari*

Rukia: Assalaam alaykum. Nimeshasajiliwa, nimeshasaini kidole, hela bado. Nipo salama. Tupo wanne chumbani: mmoja Bukoba, mmoja Songea, mmoja Singida. Siku ya kwanza walinifungulia dirisha nikifungua ndoo

Salim: Na sasa?

Rukia: Sasa wa Bukoba amejifunza kusema ng'onda. Alikuwa anasema "ngonda". Tunakula na ugali, kila mtu vipande viwili, wa Songea ndiye mhasibu, anahesabu

Mjomba Hamza: Blanketi?

Rukia: Mjomba, blanketi tunalala wawili

Zuwena: Nami uhakiki umekubali leo 🎉 Athumani na Othman wamekuwa mtu mmoja

Shangazi Mwanaidi: Alhamdulillahi. Safari tano RITA. Na shekhe tulimwona, kasema nikamwone tena Alhamisi

Bibi Mwanatumu: 🎤 sauti, 0:09

Halima: Anauliza ndoo imefika wapi

Rukia: Chini ya nusu Bibi

Bibi Mwanatumu: 🎤 sauti, 0:05

Halima: Anaulizia basi la Mbeya linaondoka saa ngapi