Tupeane uzoefu: mwekezaji wa miti alipofika kijijini kwenu, ajira zilidumu?

Kijana wa Mufindi
Kamwene wakuu. Nimekua nikiitazama misindano ya Sao Hill, shamba la miti la serikali. Sasa kuna mwekezaji ameomba ardhi kijijini kwetu, na kila anayesimama anataja ajira. Mimi hiyo kazi nimeifanya miaka mitatu kwa kampuni nyingine. Mwaka wa kwanza tulikuwa wengi mno: kufyeka, kuchimba mashimo, kubeba miche, kupanda mvua zikianza. Wa pili, palizi. Wa tatu tulibaki wachache, wa kupogolea na kulinda moto. Msindano wa mbao husubiriwa miaka 15, 20 na zaidi. Hapo katikati kijiji kinakula nini? Mliopitia, semeni.

Mama Kitalu
Mimi nisidanganye, kitalu kimenisaidia. Nilijaza viriba, vile vifuko vya udongo vya kuoteshea miche, misimu minne, nikaezeka bati. Ila mkataba sikuwahi kuuona. Nilipojifungua na kurudi, nafasi ilikuwa na mtu. Msiulize ajira ni ngapi. Ulizeni ni za miezi mingapi, na kama mtaandikishwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii.

Kinyungu
Kwetu mikaratusi ilishuka hadi bondeni. Kinyungu cha mama, yaani bustani ya bondeni, kilichotupa mboga na mahindi mabichi kiangazi chote, kilikauka. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Kamati yetu ya maji ilikwenda na kamba, ikapima mbele ya msimamizi wa shamba. Mistari ya chini iling'olewa. Ilituchukua miaka miwili ya kufuatilia.

Ekari Mbili
Sisi tuligawiwa miche, kila mtu akapanda kwake, mita 3 kwa 3, kama miti 450 kwa ekari. Ada ya mtoto ilinifanya niuze miti ikiwa bado myembamba kwa mwenye dingdong, mashine ndogo ya kupasulia mbao. Jirani yangu alivumilia, leo ana nyumba. Bado naumia nikipita pale.

Mjumbe mstaafu
Wanangu, sikilizeni hili. Wazee wetu walinyoosha mikono wakiamini wanakodisha. Kumbe ardhi ya kijiji ikishahamishwa inakuwa ardhi ya jumla, iliyo chini ya serikali kuu, na mwekezaji akiondoka hairudi kijijini yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, waziri ndiye anayeamua, baada ya kupata maoni ya mkutano. Kwetu siku ile muhtasari haukusomwa. Daini usomwe kabla hamjanyoosha mikono.

Kijana wa Mufindi
Shikamoo mzee. Hilo la kutorudi sikulijua, na sidhani kama kuna aliyelijua pale kijijini. Nitalisema mkutanoni. Mama Kitalu, mlikuwa mnalipwa kwa siku au kwa kiriba?

Mama Kitalu
Kwa kiriba, mwanangu. Na kilichopasuka hakihesabiwi. Ulizeni na hilo.