Madiwani acheni kugawana kilomita! Barabara za vipande vipande zinatuua wakulima

Wakuu, huu mtindo wa kugawana kilomita kwenye bajeti ya barabara umetuchosha. Halmashauri yetu siitaji, ila mtu wa viazi au parachichi huku Nyanda za Juu Kusini ataelewa ninaongelea nini.

Fedha ni ndogo, hilo tunalijua. Lakini hiyo hiyo ndogo inakatwakatwa ili kila diwani arudi kwenye kata yake na cha kuonyesha. Kata hii kilomita mbili, ile moja na nusu. Greda linapita, linachonga, linaondoka. Hakuna kalavati, hakuna mtaro, changarawe imemwagwa kwenye mlima mmoja tu. Mvua zikianza maji yanapita katikati ya barabara, na mwaka unaofuata kinachongwa kipande kilekile kwa hela nyingine. Hela hizo za kurudia rudia zingeshajenga makalavati kwenye makorongo yote yanayotukatisha!

Na ratiba nayo! Mwaka wa fedha unaanza Julai, kiangazi, ardhi kavu. Kwetu mkandarasi anaonekana Desemba mvua zimeshashika, anashindilia tope. Nani huwa anasaini kwamba kazi imekamilika?

Matokeo yake Fuso haishuki kijijini. Viazi vinatolewa kwa bodaboda hadi barabara kuu, na mnunuzi akishajua huna pa kuvirudisha anakupangia bei, na lumbesa juu, yaani gunia la kujazwa kupita kipimo. Parachichi ndiyo balaa zaidi. Tunda likigongwagongwa kwenye mashimo linachubuka, wanaosafirisha nje wanalikataa, unaliuza kwa bei ya hasara. Kila siku tunahimizwa tulime zaidi. Tumelima! Tunakosa njia ya kuutoa mzigo.

Na hela tunatoa. Ushuru wa mazao ulishushwa 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Kisheria anayelipa ni mnunuzi, lakini yeye anaukata kwenye bei anayokupa wewe. Tangu 2021 kila lita ya petroli na dizeli imeongezwa Sh 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, nayo inarudi kwetu kwenye nauli. Halafu anayekusanya ushuru getini siye anayetengeneza barabara, kwa sababu tangu 2017 barabara hizi ziko kwa wakala wa serikali. Ukienda halmashauri unaelekezwa kwa wakala. Ukifika kwa wakala, bajeti imeisha.

Chagueni barabara moja inayotoa mzigo mwingi, kumbukumbu za geti la ushuru mnazo. Imalizeni yote, makalavati na mitaro kwanza, changarawe baadaye. Mwaka unaofuata nyingine, hata kama kata yangu itakuwa ya mwisho. Afadhali nisubiri zamu ya barabara kamili kuliko kupewa kipande kila mwaka. Na mkataba ubandikwe ofisi ya mtendaji wa kata: shilingi ngapi, urefu gani, makalavati mangapi, kuanza lini na kumaliza lini.

Vikao vya bajeti vinakuja. Mlioko kwenye kamati za maendeleo za kata, zikataeni hizo kilomita mbili mbele ya diwani, na hakikisheni muhtasari wa kikao umeandikwa hivyo.