Avebury: kijiji kiondolewe ili mawe yabaki peke yake?

Wadau, nawaletea hoja iliyoninyima usingizi. Juzi nilipanda basi kutoka Swindon kwenda Avebury, kijiji cha Wiltshire, Uingereza, na jamaa yangu mmoja. Tulibishana njia nzima.

Yeye anasema hivi: pale kuna duara la mawe lililosimamishwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, upana wake unapita mita 300, nalo limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1986 pamoja na Stonehenge, duara jingine la mawe ya kale huko huko Wiltshire. Halafu ndani yake watu wamejenga nyumba, wamefungua baa, na magari yanapita katikati. Kwake ni aibu. Wakazi walipwe fidia, vyote viondolewe, mawe yabaki na nyasi zake.

Mimi napinga kabisa.

Kwanza, jambo hilo limeshaonjwa. Alexander Keiller, mrithi wa utajiri wa jamu ya machungwa ya Dundee, alichimba pale miaka ya 1937 hadi 1939, akafukua mawe yaliyokuwa yamezikwa upande wa magharibi na kuyasimamisha tena. Palipokosa jiwe akaweka kiguzo cha saruji. Kazi hiyo naiheshimu sana. Lakini nyumba zilizoonekana kuwa kikwazo zilibomolewa, na baadhi ya wakazi wakahamia Avebury Trusloe, nje kidogo ya kijiji. Mwaka 1943 Keiller akaiuzia National Trust, shirika la kuhifadhi urithi, eneo hilo. Ukisimama upande ule leo utaona mawe mazuri na kondoo wanaokula nyasi, basi. Hakuna wa kumuuliza chochote.

Pili, na hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize: sogeeni karibu na kuta za nyumba za zamani pale. Mtaona vipande vikubwa vya kijivu, vingine vina ncha kali kama vimepasuliwa jana. Hayo ni mawe ya duara. William Stukeley, mtafiti wa mambo ya kale, alikuwepo miaka ya 1720, akaandika jinsi wanakijiji walivyoyavunja: wanachimba shimo, wanalaza jiwe juu ya moto wa majani makavu, likishika joto wanamwagia maji ya baridi, kisha nyundo. Vipande vikajenga nyumba. Sasa ukibomoa nyumba hizo unaokoa nini? Unayavunja mawe yaleyale mara ya pili.

Ni walewale waliojua pia kuhifadhi. Kanisa la Mtakatifu Yakobo, hatua chache nje ya handaki linalozunguka duara, lina kuta zilizojengwa kabla Wanormani kutoka Ufaransa hawajaivamia Uingereza mwaka 1066. Lina birika la ubatizo lenye nyoka waliochongwa, na juu kuna jukwaa la mbao la kusimamishia msalaba. Majukwaa ya namna hiyo yalivunjwa kwa wingi Uingereza wakati wa matengenezo ya dini ya karne ya 16. La Avebury lilifichwa nyuma ya plasta, likaonekana tena 1810. Nilikaa chini yake nusu saa nzima.

Na baa? Red Lion imeezekwa kwa nyasi na imo ndani ya duara. Kuna kisima cha zamani mle ndani kimefunikwa kioo, watu wamekigeuza meza. Niliweka kikombe changu juu yake, nikainama kutazama mawe yanavyoshuka gizani. Mnasemaje?

Mchangiaji: Mkuu, umeongea vizuri ila barabara umeiruka. Stonehenge walifunga ile A344 mwaka 2013, wakapanda nyasi juu yake, na mahali pakapata heshima yake. Avebury malori yanapita hatua chache tu kutoka kwenye mawe. Hilo nalo utalitetea?

Mtoa mada: Hapana ndugu yangu, hapo tuko pamoja. Malori yatafutiwe njia nyingine, hata kesho. Lakini basi liendelee kupita, maana nilimkuta bibi mmoja kituoni akisubiri kwenda Devizes na kikapu chake, naye ana haki ya kufika. Tena Stonehenge hakukuwa na kijiji ndani ya duara. Pale siku za kawaida unatazama ukiwa nyuma ya kamba. Avebury mtoto anaweka kiganja kwenye jiwe na hakuna anayemfukuza, kwa sababu ni mahali pa watu.

Kwa hiyo wanaotaka kijiji kiondoke wanijibu hili moja tu. Ukuta wa jiko la mtu umejengwa kwa jiwe la duara: nani ataingia na nyundo, na atasema anahifadhi nini?