Nyumba za kupangisha Uyole: zote vyumba viwili, au tuchanganye?

Mwana wa Uyole: Wakuu, habari za jioni. Ushirika wetu unataka kujenga nyumba za kupangisha watu wa kipato cha chini hapa Mbeya, na tumegawanyika. Wapo wanaotaka ghorofa za vyumba viwili tupu, ramani moja. Wengine wanataka mchanganyiko: chumba na sebule, vyumba viwili, vyumba vitatu. Kipi kinafaa?

Fundi Isanga: Ramani moja. Mbao za kumwagia zege unazitumia tena na tena, na mafundi wanazoea kazi. Sensa ya 2022 ilitoa wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Vyumba viwili vinawatosha.

Mama Kihesa, Iringa: Kamwene wote. Kaka Fundi, huo wastani umemchanganya kijana anayeishi peke yake na bibi mwenye wajukuu sita. Njombe, Iringa na Mbeya maambukizi ya VVU yapo juu ya wastani wa taifa, na watoto wengi walioachwa yatima wamelelewa na bibi zao. Ukimpa bibi huyo vyumba viwili, na wajukuu wameshabalehe, wa kike na wa kiume, wanalalaje? Ukimpandisha ghorofa ya tatu, siku maji yakikatika ndoo anaifikishaje juu? Wakati huohuo mwanafunzi wa chuo kikuu cha MUST hapo Mbeya analipia chumba asichokihitaji. Mimi nasema mchanganyiko, na chini wakae wazee.

Block T: Naunga mkono. Ongezeni watu wenye ulemavu: nyumba za chini milango iwe na upana wa sentimita 90, na njia ya kiti cha magurudumu isipande zaidi ya sentimita 1 kwa kila 12 za urefu. Kiwanja kikiwa cha mteremko, hilo lipimwe kabla ya kuchimba msingi. Halafu kuna baridi ya Juni na Julai. Watu wanaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha, na ile hewa inaua. Kila nyumba, hata ya chumba na sebule, iwe na kibaraza cha kupikia.

Fundi Isanga: Mama Kihesa, la bibi nimelielewa. Basi majiko na vyoo vipangwe juu ya vingine, bomba lishuke mstari mmoja. Hapo nyumba mbili za chumba na sebule zinakaa vizuri juu ya nyumba moja ya vyumba vitatu, na gharama haipandi sana.

Mwana wa Uyole: Asanteni. Tutaanza kwa kuandikisha kaya za wanachama: wangapi, umri, nani hawezi ngazi. Swali moja: vyumba vitatu kodi yake itakuwa kubwa, na bibi hana kipato. Nani atafidia?

Mama Kihesa, Iringa: Upande wa barabarani wekeni fremu za biashara, nyumba za wazee zielekee uani. Kodi ya fremu ipunguze kodi ya wale wazee, na muiandike kwenye katiba ya ushirika kabla hamjampangisha mtu.