Mjadala: Je, mapigano makubwa ndiyo yaliyoiharibu Game of Thrones?

Mtoa mada: Wakuu, katika tamthilia hii ya TV iliyotokana na vitabu, pesa zilipoongezeka hadithi ikakonda. Msimu wa 1 (2011) bajeti haikutosha kuonyesha vita vya Green Fork: Tyrion, mmoja wa wahusika wakuu, anagongwa kichwani, anazimia, anazinduka mapigano yamekwisha. Vipindi vilipopungua dakika, waandishi wakajazia mazungumzo ya watu wawili. Yale ya mfalme Robert na mkewe Cersei kuhusu ndoa yao kitabuni hayamo, na yanauma kuliko joka lolote. Msimu wa 8 (2019) ukabaki na vipindi 6, wakati misimu 6 ya mwanzo ilikuwa na 10 kila mmoja. Daenerys, malkia mwenye majoka, anachoma mji mzima, na sababu zake tunarushiwa juu juu.

Mchangiaji 1: Sikubaliani. Hapo kosa ni la skripti, kamera unaionea. Tazama kipindi cha "Blackwater" (2012): mlipuko mkubwa ni mmoja tu, ule wa moto wa kijani, lakini moto huohuo ndio unaomkimbiza mpiganaji Sandor Clegane vitani, maana tunajua ni kaka yake aliyemchoma uso. Hata "The Long Night", kipindi cha msimu wa 8 cha vita vya usiku dhidi ya wafu, kina dakika safi: panga za Dothraki, wapiganaji wa farasi, zinawaka, zinaingia gizani, kisha zinazimika kwa mbali. Hakuna anayesema neno, na umeelewa.

Mchangiaji 2: Dakika safi, vita vya hovyo! Manati (mitambo mikubwa ya kurusha makombora) mbele ya askari wa miguu, handaki nyuma yao, farasi wanatumwa gizani wasikokujua. Halafu mashujaa Brienne na Jaime wanazongwa na wafu, kamera inahama, ikirudi wazima. Ikishatokea mara tatu, nani ataogopa?

Mchangiaji 3: Hayo mngeyaona vizuri kama picha ingeonekana. Mpiga picha Fabian Wagner alisema giza lile ni la makusudi, akalaumu mbano wa video (kupunguza ukubwa wake ili irushwe) na TV za watu. Ana hoja nusu. Video ya biti 8 ina ngazi 256 za mwanga. Giza hutumia chache za chini, na mbano hufuta tofauti ndogo kati yake, ndiyo maana moshi unageuka mabaka. Zima hali ya kubana umeme na taa za sebuleni, chagua mpangilio wa sinema. Usipandishe mwangaza: weusi unakuwa kijivu, mabaka yanazidi. Ila anayepiga picha ya televisheni anajua itatazamwa wapi.

Mtoa mada: Sawa mkuu, TV nimeirekebisha. Manati bado ziko mbele.